Bibi Hayumo Katika Insha za Bibi

Msomaji wa majarida yetu ya mtandaoni anaijua insha ya bibi kabla hajaifungua. Mwandishi ana miaka ishirini na kitu, anaishi Dar es Salaam, Nairobi au ng'ambo. Bibi yuko kijijini. Kuna moshi wa kuni, kuna khanga iliyopauka, kuna mikono yenye mikunjo inayosonga ugali. Bibi anasema maneno machache, na mengi kati ya hayo ni methali. Katikati ya insha simu inalia usiku. Mwishoni mwandishi anapika chakula kile kile kwenye jiko la gesi na hakipati utamu ule.

Nimezisoma nyingi, na baadhi zimeniliza. Zipo zilizoandikwa kwa Kiswahili kizuri kuliko hiki changu. Lakini nikifika mwisho nabaki na maswali. Huyu bibi anamdai nani? Jirani gani hasalimiani naye, na walikosania nini? Akifungua redio, anasikiliza kipindi gani? Katika mkutano wa mwisho wa kijiji alikaa upande gani, na alinyanyuka kusema nini? Insha haijui. Inajua harufu ya mchuzi wake tu.

Hoja yangu ni kwamba insha hizi zinampenda bibi bila kujali mambo anayoyapenda yeye. Zinachukua kitu kimoja katika maisha yake, upishi, na kukigeuza alama ya upendo, ya utoto wa mwandishi, ya nyumbani palipopotea. Chakula kikishakuwa alama, ni vigumu kuona tena kwamba ni kazi, ni fedha, na kijijini ni siasa pia. Nitaijenga hoja hii kwa bibi mmoja ninayemfahamu, mzaa mama, mkazi wa Mabamba, na kwa vitabu vichache vilivyofika mahali ambapo insha zetu huishia njiani.

*

Mabamba ni kata ya wilaya ya Kibondo, mkoani Kigoma, kwenye miinuko inayopakana na Burundi. Ukitoka kwa bibi ukaelekea magharibi, hufiki mbali kabla hujaingia nchi nyingine. Kiha cha upande huu na Kirundi cha upande ule vinasikilizana vizuri, na siku ya soko husikii kwa urahisi mpaka uko wapi. Bibi alizaliwa karibu na mwaka 1948, wakati eneo hili bado lilikuwa himaya ya Muhambwe na mwami alikuwa mwami kweli. Serikali ya Tanganyika huru iliondoa utawala wa machifu mwaka 1963. Leo Muhambwe ni jina la jimbo la uchaguzi. Bibi amelijua jina hilo likiwa la kiti cha enzi, na sasa analiona kwenye karatasi ya kura. Haoni ajabu yoyote katika hilo. Anaona watu wale wale wakiomba mambo yale yale.

Ananiita mke mwenzangu, kwa utani wa bibi na mjukuu, na anapenda kunikumbusha kwamba mume wetu alitutoroka sote wawili. Babu alikwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, kama walivyokwenda vijana wengi wa Buha enzi za ukoloni, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili. Bibi hakwenda Tanga. Anasema Kiswahili chake alikipata mikutanoni, na ndiyo maana hata leo, akikasirika, husema kama mtu anayetoa hoja mbele ya mwenyekiti.

Hadithi ya sungura na fisi sijawahi kuisikia kwake. Anachosimulia ni uchaguzi. Anaweza kukueleza jinsi Muhambwe ilivyompeleka bungeni kijana wa NCCR-Mageuzi, Felix Mkosamali, mwaka 2010, mwaka ambao chama hicho kilipata majimbo manne ya mkoa wa Kigoma na kushangaza nchi. Atakueleza jinsi jimbo lilivyorudi CCM mwaka 2015 kwa Atashasta Nditiye, jinsi Nditiye alivyofariki Februari 2021 kufuatia ajali ya gari, na jinsi uchaguzi mdogo wa Mei mwaka huo ulivyompa kiti Dk. Florence Samizi. Hukutana na mambo haya redioni, mara nyingi kwenye Radio Kwizera ya Ngara, kituo kilichoanzishwa mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi na kikaja kuwa redio ya wenyeji pia. Huyasikiliza akiwa anachambua maharage. Akisikia jambo la uongo mkono unasimama hewani, kisha punje inatupwa kwenye ungo kwa nguvu kidogo kuliko zile za kabla yake.

Nilipomuuliza yeye mwenyewe alimpigia nani, alinitazama kama niliyetaka kufungua kabati lake la nguo. "Kura ni chumvi ya mchuzi," alisema. "Anayejua imewekwa kiasi gani ni aliyeiweka." Basi hilo swali liliishia hapo. Lakini tazama alikokwenda kutafuta jibu. Hakwenda kwenye hekima ya wahenga. Alikwenda jikoni, kwenye kazi anayoifanya kila siku, akachukua ujuzi wake wa upishi na kuutumia kulinda haki ya kikatiba.

*

Chakula chake kikuu ni ugali wa muhogo. Mboga ni maharage yaliyotiwa mawese, au majani ya muhogo yaliyotwangwa, isombe, na siku ya neema dagaa waliosafiri kutoka Ziwa Tanganyika. Insha ya bibi ingeanza pale ugali unaposongwa. Twende nyuma kidogo.

Muhogo mchungu una sumu. Lazima umenywe, ulowekwe siku kadhaa mpaka ulainike, ukamuliwe, uanikwe, ndipo usagwe. Kila hatua ya hizo ina mtu au kamati ndani yake. Kuloweka kunataka maji mengi, na maji yana kamati, na kamati ina mwenyekiti ambaye ana shemeji. Kuanika kunataka jua na mahali ambapo mbuzi wa jirani hawafiki, na mbuzi wa jirani ni kesi ya mabaraza. Kusaga kunataka mashine, mashine inataka dizeli, na dizeli ikipanda Dar es Salaam, debe la bibi linapanda bei ya kusagwa kabla gazeti halijafika Kibondo. Mawese hayatoki huku juu. Yanatoka kwenye michikichi ya ukanda wa ziwa, kwa hiyo chupa ya mawese ni taarifa ya hali ya barabara.

Kisha kuna ugonjwa. Mihogo ya Kigoma, kama ya sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, imeshambuliwa na batobato na michirizi ya kahawia, maradhi yanayoenezwa na inzi weupe na kwa kupeana mbegu zenye ugonjwa. Michirizi ndiyo inayomuudhi bibi zaidi, kwa sababu mmea unaweza kusimama vizuri shambani huku mzizi ukiwa umeoza kwa madoa makavu ya kahawia. Unapalilia msimu mzima, unachimba, unakuta hasara. Anatumia jambo hilo kuwapima wagombea wote wa vyama vyote. "Huyo majani yake mazuri," anasema. "Tusubiri kuchimba."

Kwa hiyo nikisema bibi anapenda mapishi na siasa za kijiji, siorodheshi mapenzi mawili. Ni habari moja inayoanzia kisimani na kuishia mezani, na pengine kinyume chake. Mwandishi anayeingia jikoni na kumkuta bibi amenyamaza huku anasonga ugali anaweza kudhani amekuta utulivu wa kale. Mara nyingi amekuta mtu anayepiga hesabu.

*

Miaka michache iliyopita, katika kijiji kimoja cha upande wetu, kulikuwa na mradi wa ujenzi ambao sitautaja. Wananchi walichangia kama kawaida, mawe, mchanga, maji, nguvu kazi na fedha kidogo. Wanawake waliwapikia mafundi kwa zamu. Bibi alikuwa mmoja wao.

Kwa sheria, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka kumi na minane, na mojawapo ya kazi zake ni kusomewa mapato na matumizi. Siku ya kusoma ilipofika, taarifa ilisomwa. Tripu za mchanga zilihesabiwa. Tripu za mawe zilihesabiwa. Siku za nguvu kazi za wanaume zilihesabiwa, na thamani yake kwa shilingi ikatajwa, ili ionekane wananchi wamechangia kiasi gani. Chakula hakikutajwa.

Bibi alinyoosha mkono. Alikuwa na daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Kusoma na kuandika alijifunza katika madarasa ya kisomo cha watu wazima miaka ya 1970, na hajawahi kuuacha ujuzi huo ulale. Alisoma: siku kumi na moja, wanawake sita kwa zamu, maharage debe mbili, unga debe nne, mawese chupa tisa, kuni mizigo kumi na minne. Akauliza vitu hivyo vimeandikwa wapi.

Watu walicheka, wengine kwa kumpenda. Kiongozi mmoja aliyekuwa anaongoza kikao alimjibu kwa heshima zote: "Bibi, chakula ni mchango wa moyo."

"Na mawe?" bibi aliuliza. "Yalitoka kwenye figo?"

Baada ya mabishano marefu, mwandishi wa kikao aliongeza mstari mmoja kwenye taarifa: chakula cha mafundi. Bila kiasi. Bila thamani. Bibi alipata mstari na kukosa tarakimu. Pia alilipa. Mradi uliofuata hakuitwa kupika, na mwanamke mmoja waliyesuka naye mikeka miaka mingi alisema hadharani kwamba kuna watu wanauza hata ukarimu wao. Hawajasalimiana vizuri mpaka leo. Bibi hasemi kwamba alishinda. Anasema daftari lipo.

Nimelitafakari sana lile jibu, chakula ni mchango wa moyo. Halikuwa jibu la dharau. Lilisemwa na mtu anayemheshimu bibi, anayemwamkia shikamoo kwa kuinama, na ambaye pengine angempa kiti chake. Na ndilo sentensi ambayo insha zetu zinaiandika kila mara kwa maneno mengine. Tunaandika kwamba bibi alipika kwa upendo. Mwenyekiti wa kikao na mwandishi wa insha wanakubaliana: kazi ya bibi ni moyo, na moyo hauwekwi kwenye safu ya tarakimu. Tofauti yao ni kwamba mmoja ana muhuri na mwingine ana tuzo ya uandishi anayoiwania.

*

Nisije nikaonekana nadai jambo lisilowezekana. Limeshawezekana, tena si mara moja.

Mwaka 1989 Sarah Mirza na Margaret Strobel walitoa kitabu cha masimulizi ya maisha ya wanawake watatu wa Mombasa, na baadaye maneno ya wanawake hao yakatoka kwa Kiswahili chao wenyewe. Bi Kaje, Mishi wa Abdala na Bi Shamsa wote walikuwa wamekula chumvi walipohojiwa. Hawafanani na bibi wa insha. Wanazungumzia harusi na unyago, ndiyo, lakini wanazungumzia pia utumwa, nani alikuwa wa nani, ndoa zilizovunjika, na vyama vya lelemama vilivyoshindana mjini kwa ngoma, mavazi na karamu. Karamu katika masimulizi hayo ni silaha. Kundi likipika, linapika ili kundi jingine lisikie. Ukisoma unaona kwamba sufuria kubwa ilikuwa njia ya kupigania jina mjini, katika mji ambao mwanamke hakuwa na baraza jingine la kusimama. Kilichowezesha hayo yote ni swali. Wahojaji walitaka kujua wanawake hao walijishughulisha na nini, wakawaacha waseme mpaka wachoke.

Mwaka 1997 Susan Geiger alichapisha kitabu chake kuhusu wanawake wa TANU. Kabla yake, simulizi ya uhuru iliyozoeleka ilikuwa na wanaume waliosoma wakiongoza na wanawake wakipiga vigelegele. Geiger aliwafuata wanawake wenyewe wakiwa wazee, Dar es Salaam, Moshi na Mwanza, akakuta jambo lingine. Wengi wao hawakuwa na elimu kubwa ya shule. Walikuwa na vyama vya ngoma, walikuwa na biashara ndogo za vyakula na pombe, walikuwa na mtandao wa watu waliozikana na kuozana bila kuulizana kabila. TANU iliukuta mtandao huo ukiwa tayari. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba kabla hajawa jina la taifa. Ukikisoma kitabu hicho huwezi tena kuliona chungu la pombe au sinia la vitumbua kama kitu cha pembeni mwa siasa.

Na katika fasihi yetu yenyewe kuna Nguzo Mama ya Penina Muhando, tamthilia ya mwaka 1982 ambamo wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuisimamisha nguzo na wanashindwa. Muhando aliwapa wahusika wake nambari badala ya majina, Bi Moja, Bi Pili, na kuendelea. Ungetegemea wawe vivuli. Lakini kila mmoja ana jambo lake linalomvuta kutoka kwenye kamba, na mambo hayo ni ya nyumbani na ya mkutanoni kwa pamoja. Nimekuwa nikishangaa kwamba mwanamke mwenye nambari tu, katika tamthilia ya zaidi ya miaka arobaini iliyopita, ana shughuli nyingi kuliko bibi mwenye jina, sura na khanga katika insha ya mwaka huu.

Kuhusu upande wetu wa Buha, walioandika wengi waliandika habari za kuondoka na kuingia: vijana wakienda mkonge, watu wakihamishwa kwa sababu ya malale tangu miaka ya 1930, wakimbizi wakivuka mpaka. Hizo ni habari kubwa na zilistahili kuandikwa. Bibi alizipitia zote akiwa amesimama mahali pale pale, au karibu na pale pale. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma ilipoanza kuwakusanya watu kwenye vijiji vya ujamaa, alikuwa mama kijana. Hotuba hazikumbuki. Anakumbuka kwamba mihogo yake ilibaki ardhini kule walikotoka, na kwamba kwa miezi mingi alitembea kurudi kuichimba, kwa sababu kijiji kipya kilikuwa na ramani lakini hakikuwa na chakula. Sera ya taifa aliijua kwa miguu, kwa uzito wa kikapu.

*

Jambo la wakimbizi linahitaji aya zake, kwa sababu hapo ndipo insha ya bibi inapokuwa na kishawishi kikubwa kuliko vyote.

Warundi walivuka mwaka 1972, wakavuka tena baada ya kuuawa kwa Rais Ndadaye Oktoba 1993, wakavuka tena mwaka 2015 ulipozuka mgogoro wa muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza. Mabamba ni mojawapo ya malango waliyoingilia. Kambi ya Nduta, katika wilaya hiyo hiyo ya Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka 2015. Ni rahisi sana kuandika: bibi yangu aliwapokea. Ni kweli. Aliwapokea, akawapa maji na muhogo wa kuchemsha, na watoto wawili walilala kwake kabla hawajapata wazazi wao.

Ni kweli pia kwamba alilalamika. Kuni zilisogea mbali kila mwaka, na mgongo wake ulijua ni hatua ngapi. Ni kweli kwamba alifanya biashara, akiuza muhogo na ndizi, akinunua mafuta ya kupikia ya msaada kwa bei ambayo dukani hakuipata, na akijua vizuri kwamba aliyemuuzia alikuwa anapunguza mlo wa watoto wake ili apate chumvi na sabuni. Kuna mwanamke wa upande wa pili aliyebadilishana naye mbegu za maharage, na maharage hayo bado yapo shambani mwa bibi. Huyaita kwa jina la rafiki huyo. Mwanamke mwenyewe hajui kama yu hai.

Insha ya bibi ingechagua kipande kimoja. Ingemfanya ama mtakatifu wa mpakani ama mwenyeji mwenye roho mbaya. Yeye hayaoni kama mambo yanayopingana. Kwake ukarimu una gharama, na anayetaja gharama hajaufuta ukarimu. Hilo ndilo alilolisema kwenye kikao kile, ingawa hakutumia maneno haya.

*

Yapo mapingamizi mawili ya haki.

La kwanza ni kwamba insha nyingi za bibi ni maombolezo, na mfiwa hapaswi kudaiwa hesabu. Naelewa. Lakini nani amesema hesabu haiombolezi? Nikisoma kwamba bibi wa mtu alikuwa na mikono yenye upendo, nasikitika kwa adabu. Nikisoma kwamba alikufa akiwa anadaiwa shilingi elfu nane za kusagisha, na kwamba mwenye mashine alikuja msibani na hakuzitaja, namuona bibi, namuona na mwenye mashine. Huyo amekufa mtu.

La pili ni zito zaidi. Si kila bibi anaruhusiwa kuwa na siasa. Kuna nyumba ambazo mwanamke kusema kwenye mkutano ni matusi kwa ukoo, na kuna majira ambayo kusema kwa yeyote kunaweza kuleta gari usiku. Bibi anayenyamaza na kutoa methali huenda anajikinga. Kweli kabisa. Lakini basi tuandike huko kujikinga. Tuandike kwamba methali ilikuja baada ya swali gani, na nani alikuwa amekaa karibu. Tukiuandika ukimya wake kama asili yake, tunamsaidia aliyemnyamazisha. Bibi yangu hakunitajia kura yake, na mimi ni damu yake. Kukataa kule kumenifunza siasa za kijiji kuliko jina lolote ambalo angelitaja.

Nilimweleza kwamba ninaandika juu yake. Hakuuliza kama nitamsifu. Aliuliza kama nitaandika bei. Nilipomuuliza bei ya nini, alisema ya kila kitu, maana watu wakisoma bila bei watadhani vitu hivi huwa vinakuja vyenyewe. Basi niandike: mwezi aliponiambia hivyo, alikuwa ameacha kununua mawese na anapikia maharage kwa karanga za kusaga, ambazo analima mwenyewe, na alikuwa amekwishauliza kwenye kitongoji ni nani mwingine ameacha, akapata kaya saba.

Kaya saba ni utafiti. Ana sampuli, ana swali, ana sababu ya kuuliza, na nina hakika ana kikao anachokisubiri. Hakuna hata insha moja ya bibi niliyoisoma ambayo bibi wake alikuwa anakusanya takwimu. Sidhani kama ni kwa sababu mabibi wa waandishi wengine hawafanyi hivyo.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi, unapokwenda likizo na daftari lako, moshi uache kidogo, utakuwapo tu. Muulize bibi mashine ya kusaga ni ya nani. Muulize ni nani alimshinda kwenye kesi ya mbuzi. Muulize taarifa ya mapato na matumizi ilisomwa lini mara ya mwisho. Na kabla hujaanza kuandika juu ya mikunjo ya mikono yake, muulize mkono huo ulinyooshwa lini mkutanoni, na alipopewa nafasi alisema nini.